Printa ya waifai kwa matumizi ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakazi wa Tanga

Haya ni maswali ambayo majirani, walimu na wazazi wa hapa Tanga huuliza wanapotaka printa ya nyumbani ya kazi tatu: kuprinti, kutoa kopi na kuskani, bila kuunganisha waya. Majibu yamefuata mazingira yetu ya joto na unyevu wa pwani, umeme unaokatika, intaneti ya kununua kwa bando, na wino ambao wakati mwingine lazima uagizwe Dar es Salaam.

Nianzie wapi: bei, jina la kampuni, au kazi ninayotaka kuifanya?

Anzia kwenye wino. Watu wengi wanakwenda dukani, wanaulizia mashine ya bei ya chini, wanaondoka nayo wakiwa na furaha, na baada ya miezi miwili mashine inafunikwa kitambaa na kuwekewa vitabu juu. Haijaharibika. Wino umekwisha, na bei ya kuununua tena imemkatisha mwenyewe tamaa.

Chukua mfano huu. Katriji (kikasha kidogo cha wino) nyeusi ya HP 123, ile ya ukubwa wa kawaida, inakadiriwa kutoa kurasa 120 hivi, na ya rangi kurasa 100. Chupa nyeusi ya Epson 103, yenye mililita 65, inakadiriwa kutoa kurasa 4,500. Sasa tuseme, kwa hesabu tu, katriji inauzwa shilingi 40,000 na chupa shilingi 35,000. Ukurasa mmoja wa katriji utakugharimu zaidi ya shilingi 330. Ukurasa wa chupa haufiki hata shilingi 8. Weka bei utakazozikuta wewe, ugawe kwa idadi ya kurasa, kisha linganisha na unachotozwa steshenari ya mtaani kwako. Hesabu hiyo ya dakika tano itakusaidia kuliko maneno yote ya muuzaji.

Kitu cha pili ni upatikanaji. Kabla hujauliza bei ya mashine, pita maduka mawili matatu ya mjini uulize kama wino wa modeli hiyo upo kabatini, siku hiyo hiyo. Ukijibiwa kila mahali "tunaagiza", basi kwenye bei ya wino ongeza gharama ya mzigo wa basi mpaka stendi ya Kange, na ujue siku ambayo mtoto anahitaji kazi yake ya shule hutakuwa na cha kufanya. Printa nzuri isiyo na wino Tanga si printa nzuri kwa mtu wa Tanga.

Kuna katriji, kuna tangi, kuna leza. Tofauti ni nini hasa?

Printa za katriji na za tangi zote hunyunyiza wino wa maji kwenye karatasi. Za katriji hutumia vikasha vidogo unavyobadilisha vikiisha. Za tangi zina matangi ubavuni au mbele, na wewe unajaza kwa chupa. Kundi hili la pili ndilo lenye Epson EcoTank (zile zinazoanza na herufi L), Canon PIXMA za familia ya G, HP Smart Tank na Brother za DCP-T. Bei yake ya kununulia iko juu, lakini matumizi ya kila siku ni nafuu sana.

Leza haina wino wa maji. Hutumia tona, unga mkavu ambao mashine inaukandamiza kwenye karatasi kwa joto la nyuzi takriban 200. Kwa sababu ni unga, haukauki hata mashine ikikaa miezi bila kuguswa, na maandishi yake hayachuruziki yakimwagikiwa maji. Leza za bei ya nyumbani mara nyingi ni za rangi nyeusi tu, na tona zake ndogo hutoa kurasa elfu moja hivi.

Ukitaka maoni yangu moja kwa moja: familia yenye wanafunzi, mwalimu, au mtu mwenye kabiashara ka nyumbani anunue ya tangi. Anayeprinti barua na fomu kwa nadra, bila haja ya rangi, anunue leza. Katriji simshauri mtu, isipokuwa amepewa zawadi.

Mimi naprinti kurasa chache tu kwa mwezi. Kweli ninahitaji printa?

Pengine huihitaji. Kama steshenari iko hatua chache kutoka kwako na unachoprinti si siri, endelea nayo. Kuskani unaweza kwa kamera ya simu janja. Lakini ukiwa unaishi mbali kidogo, kama Pongwe au Tongoni, na kila karatasi ni nauli ya kwenda mjini na kurudi, hesabu inabadilika. Inabadilika pia kwa anayeshughulika na nyaraka za watu, kama mikataba au vyeti vya hospitali. Faili unaloliacha kwenye kompyuta ya steshenari, au ulilolituma kwa WhatsApp ya pale, linabaki kule.

Nitajuaje kama printa kweli ina waifai? Kwa macho zote zinafanana.

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, maana mashine mbili zinaweza kuwa na umbo lile lile na rangi ile ile, moja ina waifai na nyingine haina. Epson L3210 haina, L3250 inayo. Kwenye Canon za familia ya G, zinazoanza na G2 kama G2420 hutumia waya wa USB, na zinazoanza na G3 kama G3420 zina waifai. Leza za HP na printa za Brother hutumia herufi mwishoni mwa namba: w ni waifai. Kwenye leza za HP utaona M141a, ambayo ni ya waya, na M141w, ambayo haihitaji waya. Ukiona d, maana yake inaprinti pande mbili yenyewe. N ni tundu la waya wa mtandao. F ni faksi, ambayo nyumbani haina kazi.

Soma namba iliyo kwenye mashine yenyewe, kwa sababu boksi linaweza kubadilishwa.

Nikiprinti kwa waifai, inakula bando?

Hapana. Simu au laptopu inazungumza na printa ndani ya nyumba kupitia rauta, na kazi hiyo haitoki kwenda intaneti. Hata bando likiisha, rauta ikiwa imewashwa, utaendelea kuprinti na kuskani. Bando linatumika unapopakua programu ya printa mara ya kwanza, mashine inapojisasisha, na unapoprinti ukiwa mbali kwa njia ya mtandao, mfano uko Korogwe na printa iko Chumbageni. Zile zinazokuletea ujumbe wa kusasisha kila mara unaweza kuzima usasishaji huo kwenye mipangilio.

Sina rauta. Natumia bando la simu tu.

Bado unaweza. Tafuta kwenye boksi maneno Wi-Fi Direct. Printa yenye uwezo huo inatengeneza mtandao wake yenyewe. Unaufungua kwenye simu kama unavyounganisha waifai yoyote, unaweka neno la siri lililo kwenye karatasi ya taarifa za mtandao ambayo printa inaichapa yenyewe, kisha unaprinti. Simu inaweza kukuonya kwamba mtandao huo hauna intaneti. Kubali kubaki nao. Ukimaliza, rudi kwenye mtandao wako.

Wengine huunganisha printa kwenye hotspoti ya simu. Inafanya kazi kwa baadhi ya simu, lakini ukibadilisha jina la hotspoti au neno la siri, printa inapotea mpaka uisajili upya. Kwa familia yenye simu nne au tano, hata rauta ndogo ya mfukoni ya laini ya simu itawapunguzia usumbufu.

Rauta ninayo, lakini printa haiuoni mtandao wangu.

Sababu ya kwanza ya kuangalia ni mawimbi. Rauta nyingi za siku hizi zinarusha mawimbi ya aina mbili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz, wakati printa nyingi za nyumbani zinaelewa ya 2.4 GHz tu. Ingia kwenye mipangilio ya rauta uhakikishe 2.4 imewashwa, ikibidi ipe jina lake peke yake wakati wa kuunganisha. Habari njema ni kwamba mawimbi hayo ndiyo yanayopenya kuta vizuri zaidi, na kwenye nyumba za zamani za mjini zenye kuta nene za mawe jambo hili si dogo.

Sababu ya pili: simu iko kwenye mtandao wa wageni na printa iko kwenye mtandao mkuu. Rauta nyingi huitenga mitandao hii miwili kwa usalama. Viweke vyote pamoja.

Je, itakubali simu yangu?

Ili iPhone iprinti bila programu ya ziada, inahitaji printa yenye AirPrint, huduma ya kuprinti ambayo Apple waliileta mwaka 2010. Simu za Android kuanzia toleo la 8 zina huduma ya kuprinti ndani yake, na alama ya kutafuta kwenye boksi ni Mopria. Vyote viwili vikiwepo, hutahangaika na draiva (programu ya kuendesha printa) kwenye simu ya mtu yeyote nyumbani.

Umeme wetu ukikatika katikati ya kuprinti, mashine inaharibika?

Mara moja haitakufa. Kinachoumia taratibu ni kichwa cha kuchapia. Kwenye printa za wino wa maji, kazi ikiisha kichwa hurudi pembeni na kufunikwa na kifuniko cha mpira ili wino usikauke kwenye vitundu vyake. Umeme ukikatika ghafla, kichwa kinabaki wazi katikati ya njia. Umeme ukirudi baada ya saa moja, si neno. Ukiondoka ukasafiri wiki nzima na mashine iko hivyo, wino unaganda. Kwa hiyo umeme ukirudi, washa printa, iache imalize kujipanga, halafu izime kwa kitufe chake yenyewe. Tabia ya kuzima kwenye soketi ya ukutani kila usiku ina madhara yale yale, tena kila siku. Kitufe kwanza, soketi baadaye.

Kwa kupanda na kushuka kwa umeme, tumia stebilaiza au ekstensheni yenye kinga ya kweli. Printa ya tangi inatumia umeme kidogo sana, wati 12 hivi wakati wa kazi kwa baadhi ya modeli, hivyo hata mfumo mdogo wa sola wenye inveta unaihimili. Leza ni jambo jingine. Ile sehemu ya kupasha joto inavuta mamia ya wati kwa mkupuo, na kuichomeka kwenye UPS (betri ya akiba) ndogo ya kompyuta ni kuiua UPS. Mwenye leza akubali kwamba umeme ukikatika, kazi inasubiri.

Karatasi zinakwama kila masika. Tatizo ni printa?

Mara nyingi ni karatasi. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na karatasi iliyoachwa wazi inaunyonya, inajikunja na kushikana, mashine inavuta mbili au tatu kwa pamoja. Usijaze trei halafu ukaiacha wiki. Weka karatasi za kazi ya leo, nyingine zirudi kwenye bahasha yake, na rimu yenyewe ikae kwenye ndoo au boksi la plastiki lenye mfuniko. Kabla ya kuweka, zipepee kwa vidole. Kwa wanaoishi karibu kabisa na bahari, Raskazone au Sahare, usiweke mashine dirishani upepo unapoingilia. Chumvi hula vyuma vidogo vya ndani usivyoviona.

Na wino, unakauka?

Unakauka kwenye vitundu vya kichwa, hasa usipotumika. Dawa yake ni nyepesi: kila wiki chapa ukurasa mmoja wenye rangi zote. Ukiona mistari mieupe kwenye maandishi, endesha usafishaji wa kichwa mara moja au mbili, kisha ukikosa mafanikio acha mashine ipumzike usiku kucha ndipo ujaribu tena. Usirudie mara kumi mfululizo. Kila usafishaji unatupa wino, na wino huo unakwenda kwenye sponji iliyo ndani ya mashine. Sponji ikijaa, printa inagoma na kuandika kwamba inahitaji fundi. Baadhi ya modeli mpya zina kisanduku cha wino taka unachokibadilisha mwenyewe nyumbani. Ukiweza kuipata yenye kisanduku hicho, ichukue, hata ikizidi bei kidogo.

Kijana wangu anaomba mkopo wa chuo na ajira. Skana iwe ya namna gani?

Skana yoyote ya kioo inatosha. Maombi ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu yana hatua ya kuchapa fomu, kuipeleka ikasainiwe na kugongwa mihuri, kisha kuiskani na kuipandisha kwenye mfumo. Maombi ya ajira serikalini nayo yanataka vyeti kwa njia hiyo hiyo. Kosa la kawaida ni kuskani kwa ubora mkubwa mno, faili likawa zito, mfumo ukalikataa usiku wa mwisho. Kwa vyeti na fomu weka 200 au 300 dpi (nukta kwa inchi, kipimo cha ubora wa skani), aina ya faili PDF, na kurasa zote za fomu moja ziwe kwenye faili moja. Kiwango cha 600 kiache kwa ajili ya picha za zamani za familia, ambazo zinastahili kuhifadhiwa hivyo kabla unyevu haujazimaliza.

Anayeskani madaftari na mikataba yenye kurasa nyingi ndiye anayehitaji ile trei ya juu inayovuta karatasi yenyewe moja baada ya nyingine. Kwa wengine ni gharama ya bure na sehemu moja zaidi ya kukwama.

Mimi ni mwalimu. Natoa mitihani ya darasa zima na mazoezi ya madrasa jioni.

Mwalimu, kwako tangi, na kama mfuko unaruhusu chukua inayoprinti pande mbili yenyewe, maana itakupunguzia karatasi kwa nusu. Isiyo na uwezo huo itakutaka ugeuze karatasi kwa mkono. Kwa nakala kumi, sawa; kwa wanafunzi sitini utachoka. Tena angalia aina ya wino mweusi. Upo ule unaoyeyuka ndani ya maji, ambao ukiguswa na jasho au tone la mvua unachuruzika, na upo wenye chembechembe za rangi zinazoganda kwenye karatasi na kustahimili maji. Epson 103 ni wa aina ya kwanza. Canon za familia ya G na HP Smart Tank kwa kawaida wino wao mweusi ni wa aina ya pili. Karatasi zinazopita kwenye mikono ya watoto, na aya za Qur'ani ambazo hakuna anayetaka kuziona zimechuruzika, zinastahili wino unaoshika.

Darasa likiwa kubwa mno, chapa nakala moja safi nyumbani, kopi katoe kwenye mashine kubwa ya shule au steshenari. Printa ya nyumbani haikutengenezwa kutoa maelfu ya kurasa kila wiki.

Naweza kuchapa kadi za harusi na za michango?

Unaweza, ukiangalia njia ya karatasi. Printa inayopokea karatasi kwa nyuma huiteremsha bila kuikunja sana, na kadi nene hupita. Inayopokea kwa trei ya chini mbele huigeuza karatasi ndani, na kadi ngumu hukwama au hutoka na mkunjo. Kwenye mipangilio chagua karatasi nene au ya picha, na uiache kadi ikauke kabla ya kuipanga juu ya nyingine. Leza hainyunyizi wino, hivyo karatasi za picha za kung'aa zilizotengenezwa kwa ajili ya wino wa maji usizipitishe humo. Joto linaweza kuyeyusha utando wake ndani ya mashine.

Wino wa bei nafuu usio wa kampuni una ubaya gani?

Upo unaofanya kazi vizuri na upo unaoziba kichwa, na kwa macho huwezi kuutofautisha. Kwenye Canon za familia ya G, kichwa kinaweza kubadilishwa na mtumiaji, kwa hiyo hasara ina mwisho. Kwenye Epson kichwa ni sehemu ya mashine, na kukibadilisha kunaweza kukaribia bei ya mashine nyingine. Ushauri wangu: wino wa tangi wa kampuni yenyewe umeshakuwa nafuu kwa kila ukurasa, usihatarishe mashine kwa ajili ya tofauti ndogo. Na usimimine wino wa kampuni moja kwenye tangi la nyingine.

Ndugu yangu ananiletea printa kutoka ng'ambo, au nimeona ya mtumba. Nichukue?

Geuza mashine nyuma, soma kibandiko cha umeme. Sisi tunatumia volti 230. Ikiandikwa 100–240, ni salama, kinachohitajika ni waya wenye plagi yetu. Ikiandikwa 120 peke yake, kama zile za Marekani, ukiichomeka ukutani utaiunguza.

Pili, katriji na wino wa baadhi ya kampuni hutengenezwa kwa kanda za dunia, na mashine ya kanda moja inaweza kukataa katriji ya kanda nyingine. Tatu, HP nyingi ambazo namba yake inaishia na herufi e ziliuzwa na mpango wa HP+. Mwenye mashine akishaukubali mpango huo, mashine itadai intaneti wakati wote na katriji halisi za HP tu, na hilo halifutiki kwa kubadilisha mmiliki. Kwa nyumba inayonunua bando kwa siku au kwa wiki, huo ni mzigo.

Kwa mtumba wa tangi, omba ichapwe karatasi ya kupima kichwa mbele yako. Mistari ikikatika, achana nayo hata kama utaambiwa ni ya kusafisha tu.

Nikiwa dukani, nikague nini kabla ya kulipa?

Namba ya modeli kwenye mashine. Chupa za wino ndani ya boksi zikiwa zimefungwa, na ujue kwamba seti hiyo ya kwanza itatoa kurasa pungufu kwa sababu sehemu yake inajaza mirija. Dai risiti ya EFD na karatasi ya dhamana, na uulize kwa jina fundi wa dhamana yuko wapi: akiwa Dar es Salaam tu, nani analipia kuipeleka? Tunza boksi na maboya yake meupe, yale mapande mepesi yanayoikinga mashine ndani ya boksi. Ukiuziwa wino bandia, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia, na bila risiti hutakuwa na pa kuanzia.

Nahama, naipeleka printa ya tangi Muheza. Niibebeje?

Izime kwa kitufe, chomoa waya, hakikisha vifuniko vya matangi vimebana. Irudishe kwenye boksi lake na maboya, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Isafiri ikiwa imekaa kama inavyokaa mezani, isilazwe ubavu wala kugeuzwa kichwa chini, la sivyo wino utaingia kwenye umeme wa ndani. Bodaboda haifai, ipakate kwenye gari. Ukifika, chapa karatasi ya kupima kichwa kabla ya kazi nyingine yoyote, na mistari ikikosekana isafishe mara moja, uiache mpaka kesho yake.